Umri wa nyota: hupimwa au hukadiriwa?

SWALI: Nafundisha fizikia Kisumu. Mwanafunzi ameandika: "Wanasayansi walipima umri wa nyota mchanga kwa infraredi, wakapata miaka moja milioni." Nimesahihisha "mchanga" ikawa "changa". Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili anadai hata "walipima" ina kasoro. Je, ni kweli?

JIBU: Ni kweli, na sahihisho lako pia ni sawa. Nyota iko katika ngeli ya I-ZI: nyota hii changa, nyota hizi changa. Mchanga ni wa A-WA, kama mtoto mchanga. "Miaka moja milioni" nayo iwe "miaka milioni moja".

Zito ni hilo la kupima. Hupimwa kile kinachosomwa na chombo. Nyota changa hufunikwa na mawingu ya vumbi, na infraredi, yaani mwanga wa mawimbi marefu usioonekana kwa macho, hulipenya vumbi zaidi kuliko mwanga wa kawaida. Ndiyo maana spektra nyingi, yaani mwanga wa nyota uliotawanywa kwa urefu wa mawimbi, huchukuliwa karibu na maikromita 2.2. Hapo hupimwa kina cha mistari, yaani jinsi mwanga unavyopungua pale elementi au molekuli fulani inapoufyonza: sodiamu penye 2.21, kalsiamu 2.26, kaboni monoksidi kuanzia 2.29. Tukiilinganisha, tunabaini halijoto ya nyota na nguvu ya uvutano usoni pake. Nyota changa bado inasinyaa. Kwa kuwa ni pana, uvutano wake ni hafifu kuliko wa nyota iliyokomaa yenye halijoto ileile, kwa hiyo kaboni monoksidi huzidi kina na sodiamu hufifia. Mstari wa hidrojeni wa 2.166 ukiwaka, mara nyingi ni dalili kwamba gesi bado inaiangukia nyota.

Katika yote hayo, hakuna mstari unaotaja umri. Halijoto na mng'ao huwekwa kwenye mchoro wa Hertzsprung na Russell, kisha hulinganishwa na modeli za jinsi nyota zinavyokua. Badilisha modeli, na umri waweza kutofautiana hata mara mbili. Tena vumbi lenye joto linaloizunguka nyota huongeza mwanga usio na mistari. Kina kinapungua na halijoto inakosewa. Nyota pacha zikidhaniwa moja, mng'ao unazidi kama wa nyota changa zaidi, na umri unatoka mdogo kupita kiasi.

Kazi ya namna hii ni kukadiria. Usimkubalie "walikisia", maana anayekisia hana vipimo, na hawa wanavyo. Aandike: "Wanasayansi walipima spektra ya infraredi ya nyota changa, wakakadiria kuwa ina umri wa miaka milioni moja hivi."