Fomu ya Tamasha Imenishinda

SWALI: Assalaam aleikum Shangazi. Mimi ni mwalimu, naishi Likoni na kufundisha kisiwani Mombasa, kwa hiyo navuka feri mara 2 kwa siku. Mwaka juzi nilijichapishia kitabu cha hadithi fupi za abiria wa feri, nakala 300. Nakala 240 bado ziko chini ya kitanda na mume wangu ameanza kuzisemea. Kuna tamasha la vitabu la jamii hapo Mji wa Kale, na waandishi wanaotaka kuzungumza hujaza fomu. Mwaka jana nilijaza, sikujibiwa kitu. Wanataka wasifu wa maneno 100 na mada. Niandike nini? Na kuuliza malipo ni aibu?
Mama Feri, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Kunyamaziwa kunauma, hata "hapana" ingekuwa adabu. Lakini nikwambie ya ndani, maana niliwahi kukaa kwenye kamati kama hiyo. Tulikuwa watu 5 mkekani, birika la kahawa chungu katikati, na fomu arobaini na kitu. Karibu zote zilianza "Mimi ni mwandishi mwenye kipaji". Tulipofika ya kumi macho yalikuwa yashachoka. Kisha ikaja ya kijana mmoja, mistari 3 tu: atasimulia jinsi manahodha wa majahazi walivyoutambua upepo wa kusi unapoingia, naye atakuja na kamba, watoto wafunge mafundo pamoja naye. Kitabu chake hakuna kati yetu aliyekuwa amekisoma. Alipita kabla kahawa haijapoa.

Kamati inatafuta mtu wa kuwatuliza watu dakika 40, na wengi wao wamekuja na watoto, hawakujui. Basi "Hadithi Fupi za Likoni" si mada, hilo ni jalada. Andika hivi: "Nitasoma kisa kimoja cha kurasa 3, kisha kila msikilizaji ataandika sentensi moja aliyowahi kuisikia ndani ya feri, na tutazisoma kwa sauti. Nahitaji karatasi 30 na kalamu." Hizo karatasi usizisahau. Mwenye kuhesabu karatasi huonekana ameshaiona siku yenyewe.

Kwenye wasifu, ile sentensi yako ya kuvuka mara 2 kwa siku iwe ya kwanza. Vyeti vya ualimu vifuate, kwa kifupi. Na kujichapishia usikufiche. Muyaka bin Haji, malenga wa mji huu huu aliyefariki 1840, hakuona shairi lake hata moja kitabuni. Watu walikuwa nayo vichwani, na miaka mingi baadaye ndipo mjuzi wa mashairi aliyeitwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah akasaidia kuyakusanya na kuyaandika.

Palipo na nafasi ya maoni, omba saa ya asubuhi. Mimi niliwahi kuwekwa alasiri. Nikafika penye utamu, adhana ikaingia, nusu ya wanaume wakainuka kwenda kuswali na waliorudi hawakujua tena nani kamuua nani.

Malipo uliza, aibu iko wapi? Tamasha za jamii aghalabu hazina fungu la kulipa wazungumzaji, lakini uliza nauli, uliza meza ya kuuzia, na hasa uliza kama wanakata chochote kwa kila nakala. Uliza kwa ujumbe wa maandishi. Kuna mahali, sitapataja, niliuza vitabu 11, nikaja kuambiwa jioni kwamba theluthi ni yao. Nilirudi nyumbani kwa nauli ya kuazima.

Siku yenyewe beba nakala 20, na chenji. Hizo 220 ziache chini ya kitanda. Feri haimtozi mwenda kwa miguu, lakini ule mteremko wa Likoni na mzigo wa vitabu mimi naujua. Mumeo akibebe kikapu, si ndiye anayelalamika?