Je, Jua litatuacha nyuma?

SWALI: Ndugu Mhariri, shuleni nilifundishwa kwamba Jua limetulia na sayari ndizo zinazolizunguka. Juzi nimesikia redioni kwamba Jua nalo liko mwendoni. Mbona basi halituachi nyuma, na mbona kundi la nyota la Kilimia halijabadilika tangu enzi za babu zetu? Msomaji, Kongwa.

JIBU: Mwalimu wako hakukosea, ila alisimulia habari za nyumbani tu. Dunia hulizunguka Jua kwa kasi ya kilomita 30 hivi kwa sekunde. Jua nalo ni nyota moja tu katika galaksi yetu, yaani kundi kubwa mno la nyota; liko umbali wa miaka ya nuru ipatayo 26,000 kutoka kitovu chake (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), nalo hukizunguka kitovu hicho kwa kilomita 220 hivi kwa sekunde, na duru moja huchukua zaidi ya miaka milioni 200.

Wengi hudhani kwamba Jua huzikokota sayari kama lori linavyokokota tela. Sivyo. Uvutano wa galaksi huivuta Dunia moja kwa moja, kama unavyolivuta Jua, wala haubagui kizito na chepesi: ukiachia jiwe na kokoto kwa pamoja kutoka juu ya kilima chochote cha mawe hapo Dodoma, vitatua pamoja. Hata sayari ya Neptuni, iliyo mbali na Jua mara 30 kutupita sisi, iko pale pale ukilinganisha na umbali wa kitovu.

Kilimia nacho kinasafiri, lakini kiko umbali wa zaidi ya miaka ya nuru 400, hivyo macho hayawezi kuugundua mwendo wake katika vizazi vichache.

Linalonishangaza zaidi, ingawa hukuliuliza, ni hili. Katika sayari, aliye mbali huenda polepole: Utaridi hukimbia kilomita 47 kwa sekunde, Neptuni 5 tu. Mwaka 1970 Wamarekani Vera Rubin na Kent Ford walipopima galaksi ya Andromeda, waliona kwamba sehemu zake za pembeni hazipungui mwendo kama ilivyotarajiwa. Wanafalaki wengi wanaona kwamba kuna mata (yaani maada) isiyoonekana inayoongeza uvutano, nao huiita mata giza.

Usiku wa Julai usio na mwezi, baina ya saa nne na saa tano, tazama juu upande wa kusini: pale utepe mweupe wa nyota unapokuwa mnene zaidi ndiko kiliko kitovu tunachokizunguka.