Unaanza kuwinda pongo pembeni ya Lubumbashi? Shabaha kwanza

Ndugu, unasema bunduki ipo, kibali kipo, ila hujui ujiandae vipi. Soma kwanza orodha ya wanyama kwenye kibali chenyewe. Upemba na Kundelungu ni mbuga za taifa, huko usiwinde.

Kisha shabaha. Bandika karatasi mita 100, egemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, piga risasi 3 za aina ileile utakayobeba. Zikitawanyika kuzidi upana wa kiganja, pori lisubiri. Ukibadilisha aina ya risasi, pima upya. Wengi wanakosea hapo.

Upepo upime kwa majivu uliyofunga ndani ya kitambaa chepesi. Kitikise. Vumbi likienda upande wa mnyama, zunguka.

Ngoja akupe ubavu. Panda na mguu wa mbele kwa macho, simama theluthi ya kifua kutoka chini, nyuma kidogo ya mguu. Kichwa waachie wenye kujisifu. Na nyuma yake kuna nini? Pori letu limejaa wachoma makala.

Akikimbia, usimfukuze. Damu nyekundu yenye povu ni mapafu: ngoja nusu saa. Damu nyeusi yenye vipande vya majani na harufu ni tumbo: ngoja saa 4 hivi, la sivyo atainuka na umpoteze.

Ukimpata, toa matumbo palepale, makali ya kisu yakitazama juu, vidole viwili vikiinua ngozi ili usitoboe utumbo. Mwezi wa kumi, joto halikungoji.