“Turn it off” na “look after it”: kiwakilishi kinakaa wapi?
Je, kwa Kiingereza unaweza kusema “turn off it”? Hapana, si sahihi. Sema “turn it off”. Viwakilishi kama it, him na them hukaa katikati, baina ya kitenzi na kile kineno kifupi, hapa off. Kwa nomino una uhuru: “turn off the radio” na “turn the radio off” zote ni sawa.

“Look after it” ni kesi nyingine kwa sababu after pale ni kihusishi hasa, na kihusishi hutangulia kiwakilishi chake. Jipime kwa kuweka nomino katikati: “look the baby after” inakataa kabisa, kwa hiyo na kiwakilishi kitabaki mwisho.

Panapotukwaza zaidi sisi wasemaji wa Kiswahili ni explain. Tumezoea kupachika mtu ndani ya kitenzi, “nieleze”, kisha tunaandika “explain me”. Lazima iwe “explain it to me”, ingawa “give me the book” inaruhusiwa. “Give it me” utaisikia kaskazini mwa Uingereza, lakini kwenye mtihani andika “give it to me”.