Mchezo wa sahani kwa wajawazito wenye kisukari

Dada, umeuliza ufanye mchezo gani kliniki, maana ukiwahutubia akina mama wenye kisukari cha mimba kuhusu chakula, wanasinzia. Pole, hata mimi nimesinziliwa sana.

Anza na kijiko. Weka mezani chupa ya soda ya mililita 300, bakuli la sukari na glasi tupu. Kila mmoja akisie soda ina vijiko vingapi vya chai vya sukari, kisha avipime mwenyewe kwenye glasi. Jibu ni kama 8. Ukimwona mama anarudia kuhesabu huku amekunja uso, ujue somo limeingia.

Kisha sahani. Chora duara kwenye boksi, uligawe: nusu mboga, robo wanga, robo protini. Kata picha za vyakula vyao wenyewe: ugali, wali, chapati, mchicha, dagaa, maharage. Kila mmoja apange alichokula jana usiku, wenzake wamkosoe. Hapo ndipo ubishi unapoanza: viazi vitamu ni mboga au wanga? (Wanga.) Na juisi ya embe isiyotiwa sukari? Bado inapandisha sukari ya damu, afadhali ale kipande cha embe.

Usiweke adhabu ya kunyimwa ugali. Wapo wanaoacha kula kabisa kwa hofu, na aliye kwenye insulini (dawa ya sindano ya kushusha sukari) akiruka mlo sukari inaweza kushuka vibaya. Wenye mashine ya kupimia sukari ya damu wafukuzie namba: kabla ya kifungua kinywa chini ya 5.3 mmol/L, saa mbili baada ya kula chini ya 6.7, isipokuwa daktari amewapangia vingine. Kuwashindanisha kwa namba hizo mimi nisingethubutu.

Zawadi? Fungu la mchicha.