Popla ya mto Tana inaweza kuota kando ya ziwa?

SWALI: Habari za kazi dada, mi ni fundi mitumbwi hapa Igombe, Mwanza. Kuna jamaa wa Hola, Kenya napiga nae kazi, anasema kwao Wapokomo wanachonga mtumbwi wa gogo moja kwenye mti wa popla. Nikabisha, mana popla najua ni mti wa Ulaya. Ni kweli? Na akiniletea mbegu nikapanda hapa ufukweni zitashika? Mbao siku hizi bei imekuwa kali sana.

JIBU: Salama kaka, na jamaa yako kasema kweli kabisa. Popla nyingi ni za Ulaya, Asia na Marekani lakini hii ni ya kwetu, wataalamu wanaiita Populus ilicifolia, na ndo popla ya asili iliyoshuka kusini kuliko zote duniani, hadi kuvuka ikweta. Kwao hasa ni Kenya, kando ya Tana, Athi na Ewaso Ng'iro, na huku Tanzania inatajwa kaskazini. Inafika hata mita 30 ndo mana gogo moja linatoa mtumbwi.

Sasa mbegu. Mbegu za popla ni ndogo mno, zinapeperuka na pamba kama ya msufi, na hazitunziki, ndani ya wiki chache zimeshakufa, kwahiyo akikuwekea kwenye bahasha akae nazo mpaka likizo iishe utapanda vumbi. Halafu zinataka mchanga mpya wenye unyevu, ule mto ukifurika ukashuka unauacha wazi, hakuna kivuli wala majani, mche unashusha mzizi unafuata maji yanavyopungua. Ziwa letu haliendi hivyo, linapanda taratibu na likishapanda linakaa, si mliona 2020 maji yalivyoingia mpaka majumbani.

Na kinachoniuma ni kwamba hata hukohuko Tana hali si nzuri. Mabwawa ya umeme yamejengwa juu ya mto, lile kubwa la Masinga ni la 1981, mafuriko yakapungua na miche nayo ikapungua, huku miti mikubwa inakatwa kwa mitumbwi na mashamba. Tena popla ina mti dume na mti jike, ukikata majike yote hapo karibu, dume litabaki peke yake na mbegu hakuna.

Kwahiyo kaka waachie Tana mti wao. Wewe ulizia miche ya mvule ofisi ya misitu, unachelewa kukua ndio, ila mbao yake unaijua mwenyewe.