Shusheni ufunguo: kwa mnaoanza kuelekeza tamthilia za muziki za vijana

Kila nikiingia kwenye mazoezi msimu huu, iwe Kondele hapa Kisumu, iwe Kakamega, iwe Nakuru, nakuta jambo lile lile. Mwelekezi mpya, mwenye bidii, kitambaa cha jasho begani, amesimama mbele ya mvulana wa miaka 14 anamtaka apandishe sauti, anamwambia, "Panda! Panda! Usiogope!" na mtoto amesimamisha mishipa ya shingo. Bidii hiyo naipenda. Bila ninyi watoto hawa wangeshinda kwenye simu. Lakini mnarudia makosa ambayo sisi tuliowatangulia tulishayalipia, na wanaoumia ni watoto, kwa hiyo nivumilieni.

Mambo ya mswada, maleba na mipangilio ya jukwaa mnayajua. Nitasema yale ambayo huwa hayasemwi kwenye warsha.

1. Hadithi iacheni iwe nyepesi. Msichana wa mtaa wa Nyalenda anataka kupiga nyatiti, kinubi cha Waluo, mvulana wa kwaya ya kanisa anataka kurekodi, wanapendana, wanakosana kwa sababu ya shindano, wanapatana kabla pazia halijafungwa. Inatosha! Nimechoka kuona michezo mizuri ya aina hii ikibebeshwa mjomba mlevi, mihadarati na kesi ya shamba ili waamuzi wa mashindano waone kwamba kuna ujumbe. Kijana wa miaka 16 anayetetemeka kabla ya kumwimbia mwenzake tayari ana ujumbe. Kilicho kizito hapa ni kazi ya wimbo ndani ya hadithi. Toeni wimbo mmoja, mpitie mchezo mzima bila huo. Ikiwa hakuna mhusika aliyekwama, wimbo huo ni pambo na muda wenu ni mchache.

Ule wimbo wa ndoto, wa mhusika anayetaka kuwa mwanamuziki, msiumalize mapema. Katika onyesho la kwanza la mchezo apate mistari miwili tu, akatizwe na kengele au na mama yake anayemwita akachote maji. Katikati aongeze ubeti. Ukumbi uusikie mzima mara moja tu, mwishoni, na hapo ndipo watu watakapojua kwamba amekua.

Kuhusu wapenzi kushikana: hawahitaji. Mmoja anaimba ubeti, mwenzake anaingia kwa sauti ya pili kwenye mstari wa mwisho, wanavuta pumzi pamoja. Kila mtu ukumbini ameelewa, hata nyanya aliyeletwa na wajukuu akakaa safu ya mbele.

2. Mkazo wa Kiswahili huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Pigo zito la muziki liangukie hapo, la sivyo mtoto ataonekana hajui lugha yake.

3. Ufunguo, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo mzima umejengwa juu yake. Hapa nitakaa.

Mvulana anapobaleghe koromeo hukua, nyuzi za sauti hurefuka na kunenepa, na mwishowe sauti yake hushuka karibu oktavu nzima, yaani kutoka do ya juu hadi do ya chini. Haishuki kwa utaratibu. Huwa kuna kipindi ambacho noti za juu zimeondoka, za chini hazijafika, na katikati sauti inakatika bila taarifa. Wasichana nao hubadilika, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Sasa tazameni kalenda yetu. Shule zinafunguliwa Januari, mnachagua waimbaji wiki za mwanzo, na mashindano ya drama ya taifa huwa Aprili. Mnaandika wimbo kwa sauti ya Januari, mtoto anauimba kwa sauti ya Aprili. Hizo ni sauti mbili.

Nilikuwa na kijana niliyemwamini kuliko waimbaji wote. Siku ya majaribio alipanda juu kwa urahisi mpaka walimu waliokuwa wakisahihisha madaftari chumba cha pili wakatoka kutazama. Nikamtungia wimbo. Niliujenga wote uelekee noti moja ya juu, pale mhusika wake anapomwambia msichana kwamba hataenda Nairobi kurekodi bila yeye. Kila kitu kilipangwa kwa ajili ya noti ile: taa, kimya cha ngoma, namna msichana anavyogeuka.

Mwishoni mwa Februari alianza kuikosa. Alinijia baada ya mazoezi, wenzake wameshaondoka, akasema, "Mwalimu, sauti yangu haifiki tena." Nikamwambia apumzike, anywe maji ya uvuguvugu yenye tangawizi. Akarudi wiki iliyofuata na maneno yale yale. Nikamwambia ajitahidi. Mpiga kibodi wetu, mtu mpole, alinionyesha kwamba angeweza kushusha ufunguo kwa kubonyeza kitufe kimoja. Nikakataa. Nilisema kwaya imeshazoea. Ukweli ni kwamba niliipenda noti ile kuliko nilivyompenda mtoto niliyempa aiimbe, na sina namna nyingine ya kulisema.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Alipofika pale, ngoma zilinyamaza kama nilivyopanga, taa ikamwangukia yeye peke yake, akafungua kinywa, sauti ikakatika. Ukumbi ukaangua kicheko. Watoto wa shule wakianza kucheka hawaachi upesi. Alijaribu tena, ikakatika tena. Msichana aliyeigiza naye akafanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Alimsogelea, akauimba mstari ule yeye, taratibu, kwa ufunguo aliouchagua mwenyewe, kana kwamba ndivyo ulivyotungwa. Mpiga kibodi akamfuata. Walimaliza mchezo. Kijana alisema mistari iliyobaki bila kuiimba, machozi yakimtoka.

Hakuja mazoezini tena. Nilikwenda kwao, mama yake akanikaribisha chai, kisha akatuacha sebuleni. Nilimwomba msamaha. Alijibu kwa adabu, macho chini: "Nilikuambia, mwalimu." Mwaka uliofuata alirudi kupiga ngoma, na anapiga vizuri sana, lakini kuimba mbele yangu hajaimba tena.

Basi nikisikia "Panda! Panda!" nashindwa kunyamaza. Pimeni sauti za waimbaji wakuu kila baada ya wiki mbili, mwandike noti ya chini na ya juu ambazo mtoto anaziimba akiwa ametulia, si zile anazozifikia kwa kukunja uso. Wimbo wote ukae ndani ya hapo. Akianza kukatika, mshushieni. Bado anakatika, mpeni noti chache za katikati, waitikiaji wachukue zile za juu, na mistari mingine aiseme juu ya muziki. Mtoto akikuambia haifiki, haifiki.

Wazee wa nyatiti wanalijua hili tangu zamani. Mtazame mmoja kabla hajaanza kupiga: ameketi kwenye kigoda chake kifupi, anaimba kidogo, anakaza uzi, anaimba tena, anaulegeza, mpaka nyuzi zote 8 zikubaliane na koo aliyoamka nayo leo. Haulizi mtu ufunguo. Chombo ndicho kinachomfuata mwimbaji. Tumekulia kando ya ziwa tukiyaona haya kwenye matanga na harusi, halafu tukipewa kibodi tunawafanya watoto wafuate mashine.

Wimbo wa wawili una taabu yake. Ufunguo unaomfaa mvulana ambaye sauti yake imeshakaa mara nyingi humwacha msichana ama chini mno ama juu mno. Msitafute katikati ambapo wote wawili wanateseka. Mvulana aimbe ubeti wake kwenye ufunguo wake, vyombo vipige vipimo viwili au vinne vya kuhamia, msichana aingie kwenye ufunguo wake. Mtazamaji atahisi mambo yamebadilika kati yao, na ndivyo hadithi inavyotaka. Wakija kuimba pamoja, mmoja ashike sauti kuu, mwingine aisindikize.

4. Pumzi. Benga, muziki wetu wa gitaa, ina mwendo wa kasi na vijana wanaipenda, lakini anayeruka hawezi kushika noti ndefu. Wachezaji waruke nyuma, mwimbaji asimame. Mkitaka kujua densi yenu inaruhusu nini, wakimbizeni mzunguko mmoja wa uwanja kisha waimbe papo hapo. Mahali pumzi inapokatika ndipo pa kupunguza hatua. Niliwahi kumwona binti mmoja Nakuru akiimba ubeti mzima huku anacheza bega tu, miguu imetulia, na watu hawakumwangalia mtu mwingine hata mmoja. Miguu ya wenzake kumi nyuma yake ilikuwa ikifanya kazi yote.

5. Mvua za masika ni Machi hadi Mei, na hapa Kisumu hupenda kuja alasiri. Mabati yakianza kupigwa hakuna maiki itakayowaokoa. Ombeni nafasi ya asubuhi.

Stima ikipotea, msisimame mkitazamana. Fanyeni mazoezi ya mchezo mzima angalau mara moja bila umeme. Nyatiti, orutu (fidla ya uzi mmoja) na ngoma za isukuti hazihitaji soketi, na watoto wakishajua kwamba wanaweza kuendelea, hofu ya giza inawatoka.

Maiki ya nyatiti ielekee mwili wa chombo, si pete ya chuma iliyo kwenye kidole cha mguu wa mpigaji, maana mtasikia chuma tu. Na kukiwa na maiki mbili kwa waimbaji kumi, mikono ya kupokezana ifanyiwe mazoezi kama hatua za densi.

Jambo la hakimiliki mnalipuuza sana. Kuchukua wimbo unaovuma, kubadilisha maneno na kuandika "umetungwa na klabu yetu" hakuwafanyi kuwa wenye wimbo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi, na mtoto mnayemfundisha leo ndiye mtunzi wa kesho mtakayetaka alindwe. Ombeni ruhusa au tungeni wenyewe. Watungieni watoto wenu, tena mkae nao wakati wa kutunga. Mistari bora niliyowahi kuisikia jukwaani kuhusu mapenzi ya shuleni iliandikwa na wasichana wawili chini ya mwembe wakati wa chakula cha mchana, wakibishana iwapo mvulana anayekuandikia wimbo lakini hakusalimii asubuhi anakupenda kweli. Nilinyamaza, nikachukua kalamu.

Na maonyesho yakiwa ya wikendi, kila kitu kiwe kimeisha kabla ya saa 10 jioni. Watoto wa Ahero na wa Maseno bado wana matatu ya kupanda, na mwelekezi haondoki ukumbini mpaka wa mwisho apate gari.